Mchanga Ndio Tangi

Mgeni akipita Makueni wakati wa kiangazi huona mito imekauka. Mwenyeji huona tangi. Chimba kidogo kwenye mchanga na maji hayo hapo, baridi, jua halijayafikia.

Ujuzi huo ndio uliozaa mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta juu ya mwamba, kukingama mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake. Huko Kitui, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Mawe hubebwa kwa mwethya, ule utaratibu wa kale wa Wakamba wa kusaidiana kazi.

Lakini historia ya ardhi hii ina upande mwingine. Mwaka 1938, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, serikali ya kikoloni iliamua kwamba udongo unamomonyoka kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Ikaanza kuwachukua kwa nguvu. Maelfu ya watu wakaenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma. Watu hawakukataa kwamba udongo unaenda. Walikataa kuamuliwa.

Leo kinachochukuliwa ni mchanga wenyewe. Mjengo wa Nairobi unauhitaji, na malori yanaufuata mpaka mitoni. Mchanga ukiisha, maji ya mvua yanapita mbio na visima vya jirani vinakauka. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchotaji huo. Safari hii amri ilitoka nyumbani. Ila anayepakia lori usiku mara nyingi ni kijana wa hapo hapo, hana kazi, na sheria peke yake haimlishi.

Sasa mji wa Konza unajengwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na mpango ni upate maji kutoka bwawa la Thwake. Mji huo utahitaji maji, na utahitaji mchanga wa kujengea. Wanaokaa kando ya mito hiyo wanajua kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Waulizwe kabla lori halijafika.