Tundu kwenye Ukuta wa Warumi: Pevensey na Hofu ya 1940

Mara ya kwanza nilipoingia ngome ya Pevensey, kusini mwa Uingereza, nilipita mbele ya kituo cha bunduki cha Vita Kuu ya Pili bila kukiona. Nilikuwa na simu mkononi, napiga picha ukuta wa Warumi. Mwenzangu niliyekuwa naye ndiye aliyeuliza, "Hivi lile tundu pale, Warumi walikuwa na bunduki?" Nikacheka. Kisha nikaangalia vizuri. Lilikuwa tundu jembamba lililolala, na nyuma yake giza. Limezungukwa na mawe ya gumegume yaleyale ya ukuta, lakini lina kingo zilizonyooka kupita kiasi.

Kumbe ndivyo lilivyokusudiwa, lisionekane.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1940, jeshi la Uingereza liliokolewa kwa meli kutoka Dunkirk, Ufaransa. Watu wengi walirudi, ila vifaa vilibaki: mizinga kama 2,500 na magari zaidi ya 60,000. Sasa hebu fikiria wewe ni jenerali. Ujerumani iko ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, na wewe huna vifaru vya kutosha wala mizinga. Una nini? Una saruji, kokoto, na mafundi wa ujenzi wa nchi nzima. Kwa hiyo Uingereza ikamwaga zege. Kwa makadirio yanayotumika sana, vibanda vya zege vya kufyatulia risasi vipatavyo 28,000 vilijengwa, vingi ndani ya miezi michache tu. Waingereza wenyewe waliviita kwa jina la kikopo cha vidonge, kwa sababu ya umbo lake.

Kibanda cha kawaida kilikuwa na pembe sita na ukuta wa sentimita 30 hivi, unaotosha kuzuia risasi. Kama kilitakiwa kuhimili mzinga, unene ulipita mita moja. Ndani, katikati, mara nyingi kulikuwa na ukuta mfupi, ili risasi ikipenya kwenye tundu moja isidunde huku na huku na kumaliza kila mtu. Tatizo kubwa lilikuwa marubani. Kutoka angani, kitu chenye pembe sita katikati ya shamba kinajitangaza chenyewe, hasa jua likiwa chini na kivuli kirefu. Ndiyo maana vingine vilipakwa rangi vikafanana na nyumba za kawaida au maduka.

Pevensey hawakuhitaji rangi. Walikuwa na gofu tayari.

Na si gofu la hivi hivi. Warumi walijenga ukuta wake mwishoni mwa karne ya 3, kulinda pwani. Mwaka 491, kwa mujibu wa tarihi ya Waanglo-Saksoni, wavamizi waliuzingira na kuua kila aliyekuwamo ndani. Tarehe 28 Septemba 1066, William wa Normandia alishuka hapo hapo na hakukuta jeshi la kumzuia: siku tatu tu kabla, Mfalme Harold alikuwa anapigana na wavamizi wengine huko kaskazini. Mwaka 1588, Wahispania walipokuwa wanakuja na meli zao za kivita, ikawekwa mizinga miwili. Mmoja bado upo. Wahispania hawakushuka.

Halafu ikaja 1940. Wanajeshi walijenga vituo vya bunduki rashasha ndani ya mabaki ya jengo kuu na kwenye ukuta wa Warumi, wakavivika mawe ili vifanane na gofu. Langoni upande wa magharibi wakaweka jengo la silaha za kupiga vifaru. Minara ya enzi za kati ikawa mabweni. Walikaa humo Wakanada, mgambo wa wenyeji, na baadaye Wamarekani. Hofu ilikuwa na msingi: pwani ya Pevensey ilikuwa ndani ya eneo ambalo Jeshi la 9 la Ujerumani lilipangiwa kushuka. Septemba 17, 1940, Hitler akaahirisha uvamizi, na haukufanyika tena.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, ngome ikarudi kwa Wizara ya Ujenzi. Wangeweza kubomoa ile "takataka ya vita" na kumrudishia mgeni ukuta safi wa Kirumi. Kwingine walibomoa kwelikweli, maana kibanda cha zege katikati ya shamba ni kero kwa mkulima. Lakini Pevensey waliamua viachwe kama sehemu ya historia ya ngome. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa akili kuliko ulivyoonekana wakati ule. Jengo la kale likishasafishwa tabaka moja, mtu anabaki na swali: kwa nini usafishe hilo na si lile la William?

Nchi yenyewe ilichelewa kuelewa hivyo. Orodha kubwa ya mabaki haya ilifanywa na watu wa kujitolea kati ya 1995 na 2002, wakaandika karibu maeneo 20,000. Vibanda vyenyewe vilivyobaki vinakadiriwa kuwa 6,500 hivi.

Na hapa kuna jambo la kikemia linalonisumbua. Ukuta wa Kirumi una chokaa na mawe, hauna chuma. Zege la vita kwa kawaida lina nondo. Unyevu na chumvi ya bahari vikipenya, nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, zege linapasuka kutoka ndani. Ukikaa karibu na bahari Dar es Salaam au Mombasa umeshaona baraza zinazomeguka namna hiyo. Kwa hiyo mahali pengi tabaka la miaka 80 linaweza kutangulia kuanguka, likaliacha la miaka 1,700 limesimama.

Kabla ya kuondoka nilipanda hadi usawa wa lile tundu nikachungulia upande linakolenga. Bahari imeshasogea mbali. Nilichoona ni nyasi, kondoo, na gari moja likipita taratibu.