Kutoka butea hadi noti: fedha iliyopita Masisi na Walikale

Kabla ya faranga, fedha ya milima hii ya mashariki mwa Kongo ilivaliwa. Iliitwa butea: vikuku vyepesi vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea, wanawake wakavipanga miguuni, na siku ya soko vikanunua mbuzi na majembe. Watembo ndio waliosifika kwa kuvisuka. Vilivuka Ziwa Kivu hadi Rwanda, huko vikaitwa ubutega. Wanyanga wa Walikale wanavitaja hata katika karisi, yaani utendi, ya Mwindo, pale shujaa anapocheza kamari iitwayo wiki na mungu Sheburungu, na dau ni butea.

Kikuku hakikuwa na sura ya mtu. Sura zililetwa na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo. Mwaka 1887 zilitoka sarafu zake za shaba, zenye tundu katikati na nyota ya ncha 5. Kichwa chake na ndevu zake alivitia kwenye zile za fedha. Hakubuni jambo jipya. Warumi nao walianza na Janus mwenye nyuso 2 kwenye bronzi, nyuma yake omo ya jahazi, kisha wakaja makaisari na kila mmoja akaweka kichwa chake. Kongo kodi ya kichwa ilianza kudaiwa kwa sarafu mwaka 1910, kwa hiyo aliyelipa aliirudishia serikali sura ya mfalme.

Albert I, mfalme aliyemfuata Leopold, aliweka mchikichi mgongoni mwa sarafu. Lakini iliyo nzuri kuliko zote, kwa macho yangu, ni faranga 2 za 1943. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, zikatengenezwa Philadelphia: pande 6, tembo yupo, mfalme hayupo. Ukiifumbata unahisi kona zake kiganjani.

Rais Mobutu aliiondoa faranga akaleta fedha iitwayo zaire, na mwaka 1967 akaweka chui kwenye sarafu ya sengi 10. Kufikia 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa za zamani milioni 3. Faranga ilirudi 1998, na safari hii hata senti zilichapwa kwenye karatasi.

Na ile bronzi ya Warumi ni nini, kama si shaba na bati? Bati tunalo. Kuanzia 2002 vijana walilitoa kwenye mgodi wa Bisie, Walikale, kwa magunia ya kilo 50, wakipita msituni kwa miguu hadi Njingala. Ndege zikatua juu ya barabara pale Kilambo kulichukua.

Sokoni leo hakuna sarafu. Kuna noti za faranga zilizolegea kwa jasho, na kuna dola. Dola ikiwa na mpasuko mdogo tu pembeni, mama muuza maharagwe anakurudishia.