Likasi: Kikao cha familia na historia tuliyosahau

Mwezi uliopita hapa kwetu Likasi familia ilikaa juu ya shemeji yangu. Miaka 4 ya ndoa, mtoto hakuna. Tantine mmoja akasema wazi: "Tumbo lake limefungwa, arudi kwao." Yaya yangu, bwana yake, alikuwa anaangalia chini. Hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama yeye amekwisha kupimwa.

Mimi nilisoma historia, si udaktari. Lakini ile kikao ilinirudisha nyuma sana.

Mwanzoni Union Minière ilileta hapa Katanga wanaume peke yao, kontra ya miezi michache, wengi wao kutoka Kasai na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Mabibi walibaki kijijini. Sasa mtoto angetoka wapi? Na kambi ya wanaume watupu haikosi biashara ya mapenzi, na pamoja nayo kisonono. Kufika mwaka 1928 hivi kampuni ikageuza siasa: kontra ya miaka 3, bibi anaitwa kambini, posho yake na ya watoto inatoka, mama anafuatwa na munganga wa kampuni. Tusidanganyike, haikuwa huruma. Kuchukua watu mbali kulikula pesa, na mtoto wa kambi alikuwa mfanyakazi wa kesho.

Kwingine katika koloni hali ilikuwa mbaya zaidi. Uchunguzi wa watu wa 1955 hadi 1957, ambao Romaniuk aliuandikia kitabu, ulionyesha kwamba kule Tshuapa na Uele wanawake wengi walizeeka bila kuzaa hata mara moja. Sababu kubwa iliyotajwa ni magonjwa ya zinaa. Kisonono kisipotibiwa kinaacha makovu ndani ya mirija ya uzazi, yai na mbegu havikutani tena. Mwanamke mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Basi tantine alisema "limefungwa", na pengine ni kweli, lakini ugonjwa uliingia nyumbani na nani? Na mwanaume naye, mirija yake ya mbegu inaweza kufungwa vilevile.

Hiyo ndiyo nilimwambia yaya, sisi wawili, kando. Kwamba karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanaume naye anahusika. Kwamba tumbako, pombe nyingi na joto kali vinapunguza mbegu, na yeye anasimama mbele ya tanuru kila siku. Kwamba ukimaliza mwaka mmoja mnajaribu bila mimba, mnaenda wote wawili. Na kama bibi amepita miaka 35, musingoje hata mwaka. Alikasirika kwanza. "Unanihesabu mimi si mwanaume?" Nikanyamaza, juu yeye ni mukubwa yangu.

Jumatatu waliingia lopitali pamoja, yeye kwa spermogramu, shemeji kwa vipimo vyake. Majibu bado. Tantine hajaambiwa kitu.