Griboyedov, Mtunzi Aliyekufa Balozi

Leo twawasimulia habari za Aleksandr Griboyedov, Mrusi aliyepata sifa kwa kalamu yake na kifo kwa ubalozi wake.

Alizaliwa Moscow, akasoma chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1818 serikali ilimtuma Uajemi kuwa katibu wa ubalozi. Baadaye akatunga mchezo wa kuigiza, Msiba wa Kuwa na Akili. Ndani yake kijana asemaye kweli anaitwa mwenda wazimu na wakubwa wa Moscow. Wakaguzi wa serikali walikataza usichapwe wote. Basi watu wakaunakili kwa mkono, wakapitishiana nyumba kwa nyumba.

Waajemi waliposhindwa vitani na Warusi, Griboyedov alishiriki kutengeneza mapatano ya Turkmenchay, Februari 1828. Uajemi ilitoa nchi ya Yerevan, ikatakiwa kulipa rubli milioni 20 za fedha. Tena iliandikwa kwamba watu waliotekwa warudishwe kwao. Kaisari Nikolai akamfanya balozi, ili asimamie maneno hayo. Njiani, huko Tiflis, alimwoa Nino Chavchavadze, binti ambaye hajatimiza miaka 16. Akamwacha Tabriz, akaenda Tehran.

Huko alikuta mioyo michungu, maana deni lile liliwalemea wananchi. Yakub, towashi Mwarmenia wa nyumba ya mfalme, akakimbilia ubalozini apate kurudi kwao. Wanawake Waarmenia wakapewa kimbilio vilevile. Balozi alidaiwa awatoe, akakataa. Tarehe 11 Februari 1829 umati ukavamia nyumba, ukamwua yeye na karibu watu wake wote. Maiti yake ilitambulika kwa mkono uliokuwa na kovu la risasi.

Mfalme wa Uajemi akamtuma mjukuu wake Petersburg kuomba radhi, naye Kaisari akapunguza deni. Mambo yakaisha hivyo.

Sisi hatusemi mapatano yale yalikuwa mepesi kwa Waajemi. Yalikuwa mzigo mzito. Lakini twaona jambo hili: wengi hutia sahihi, kisha huwaachia wengine taabu ya kutimiza. Griboyedov alibishiwa hodi na wale walioahidiwa, naye akafungua mlango.

Nino alimzika mlimani Tiflis. Hakuolewa tena hata alipokufa mwaka 1857. Wafalme walipatana mwaka uleule wa 1829. Mjane aliomboleza miaka 28.