Herufi O na Bikari Yangu

Katika miaka ya 1980, kabla sijakabidhiwa ukuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa mkufunzi wa mwandiko wa ubaoni. Kanuni yangu ilikuwa moja: herufi nzuri ni rula na bikari. O ni duara, b ni kijiti na duara, basi. Siku moja mwanachuo mmoja alileta kadi za kufundishia, na O yake ilikuwa imepita mistari kidogo, juu na chini. Nikaipima kwa bikari mbele ya wenzake. Darasa likacheka. Akasema kwa upole, "Mwalimu, nikiibana ndani ya mistari inaonekana fupi." Nikamjibu kuwa macho yake ndiyo mabovu, nikampa alama za chini.

Nilipokwisha kustaafu ndipo niliposoma habari za Futura, mtindo wa herufi za chapa uliobuniwa na Mjerumani Paul Renner, ukatolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer cha kusubu herufi, mjini Frankfurt. Herufi zake hazina vijimkia kwenye ncha, wala madoido ya zile herufi za Kigothi ambazo Wajerumani walizizoea vitabuni. Herufi a ni duara na kijiti tu, kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Nilifurahi sana. Nikasema, huyu ni mwenzangu wa bikari!

Furaha ile haikudumu. Ni kweli kwamba michoro ya kwanza ya Renner ilishikilia maumbo ya hesabu. Herufi ndogo r, kwa mfano, ilikuwa kijiti chenye nukta kando yake. Lakini katika herufi zilizoenea duniani, jicho lilipewa haki yake. O hupita mstari kidogo juu na chini, kwa sababu umbo la mviringo likilingana na la mraba kwa rula, jicho huliona dogo. Mistari ya kulala ni myembamba kidogo kuliko ya kusimama, ili yote ionekane sawa. Na pale duara linapokutana na kijiti, unene hupunguzwa, la sivyo pangeonekana kama doa.

Kumbe herufi zile zinazosifiwa kwa unyoofu wake zimepindwa kwa makusudi ili zionekane zimenyooka! Zilitumika vitabuni na katika matangazo, na mwaka 1969 zikafika mwezini, kwenye kibao kilichoachwa na wanaanga wa Apollo 11.

Yule mwanachuo hakuwa amesoma habari za Renner. Alikuwa ametazama tu, nami nilikuwa nimepima. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Alama zile siwezi kuzisahihisha tena, wala kicheko kile siwezi kukirudisha. Ninaloweza ni kuandika hapa, kwa mkono wangu, kwamba macho yake yalikuwa mazima.