Udongo wa Japani na Vidonge vya Gando



Hapa Gando, wilaya ya Wete, busha halitajwi barazani. Mwenye nalo huvaa kanzu pana, na maradhi hubaki siri ya nyumbani. Leo nalitaja wazi, kwa kuwa wapo wataalamu waliopewa heshima kubwa ya dunia kwa dawa inayoyazuia maradhi haya.

Mwaka 1877, daktari Patrick Manson kutoka Scotland, akifanya kazi katika mji wa Amoy, Uchina, aligundua kuwa vijidudu vya matende na mabusha hukua ndani ya mbu. Tangu hapo njia ya maradhi ilijulikana, lakini dawa ilichelewa sana.

Miaka ya 1970, Satoshi Omura aliokota udongo karibu na kiwanja cha gofu mjini Ito, Japani. Bakteria wa udongo ule walipelekwa maabara ya kampuni ya Merck, Marekani, ambako William Campbell, mzaliwa wa Ireland, alionyesha kuwa wanatoa kitu kinachoua minyoo ya wanyama. Ndipo ikapatikana ivermektini. Mwaka 2015 wawili hao walipata tuzo ya Nobel, pamoja na Tu Youyou wa Uchina, aliyegundua dawa ya malaria.

Mwaka 2001, Unguja na Pemba nzima zilianza kugawiwa ivermektini na albendazoli bila malipo. Dawa hizo huua vijidudu vichanga vilivyomo kwenye damu. Minyoo mikubwa huishi miaka mingi na kuzaa tena, ndiyo maana vidonge hurudiwa kila mwaka, na huhitaji kumezwa na takriban watu wote. Anayevitia mfukoni huwawekea akiba mbu wa jirani yake.

Kwa hiyo mimi naona heshima ile ina wenyewe wengine: waliokubali kutolewa damu usiku wa manane, maana ndipo vijidudu hujitokeza, na waliomeza dawa ingawa hawakujiona wagonjwa.

Limebaki jambo moja. Busha lililokwisha kukua halinywei kwa vidonge. Dawa yake ni upasuaji. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba, kaka, nenda hospitali. Nawe mke au mtoto unayejua siri hiyo, mfuatane naye.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.