Ikibiriti na Amazuku

Ingia kiduka chochote cha Kimisagara jijini Kigali, mteremko unapoelekea Nyabugogo, uombe ikibiriti: utapewa kisanduku cha njiti. Ndilo neno letu kiberiti. Asili yake ni Kiarabu, kibrit, na nyuma ya Kiarabu kuna lugha za kale za Mesopotamia. Kiebrania nacho kina ndugu yake, gofrit. Maana ya kwanza haikuwa njiti bali salfa yenyewe, lile jiwe la manjano linaloshika moto. Ki- ya mwanzo haikuwa ngeli hata kidogo, lakini Waswahili tukaunda viberiti, Wanyarwanda wakaunda ibibiriti.

Njiti zilipolimeza jina, wazee wa pwani waliiita salfa kibiriti upele, kwa kuwa unga wake ulipakwa kutibu upele. Wahindi walifuata pua: gandhaka, kutoka gandha, yaani harufu. Waingereza wa kale walifuata moto, wakasema brimstone, jiwe liunguzalo.

Kinachonivutia zaidi ni Biblia. Katika Mwanzo 19, Sodoma ya Kiswahili inanyeshewa kiberiti na moto, na mtoto anayesoma leo ana haki ya kuwazia visanduku vikidondoka kutoka mawinguni. Watafsiri wa Kinyarwanda walikwepa neno la dukani, wakaandika amazuku. Neno hilo lanuka volkano za Virunga. Upande wa Goma, nchini Kongo, mazuku ni hewa ya volkano inayotuama mabondeni na kuua watu na mifugo. Wengi hulieleza kuwa ni upepo mwovu.

Mkemia atapinga, na ana hoja. Mazuku ni kaboni dioksidi, haina salfa ndani yake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya mashimoni usiku usipokuwa na upepo, na anayeinama au mbuzi aliyelala huipata kwanza. Salfa dioksidi hutoka kwa wingi katika kreta ya Nyiragongo, mlima uliolipuka 1977, 2002 na tena Mei 2021, lakini hiyo hukereketa koo na kukutoa mbio. Mazuku haikupi nafasi hiyo, maana haina harufu.

Hata hivyo nawapa ushindi watafsiri. Msomaji wa Rubavu, mji unaopakana na Goma, haambiwi kuhusu jiwe asilolijua wala bidhaa ya senti chache. Anaambiwa kwamba juu ya Sodoma kilishuka kitu ambacho majirani zake huwakataza watoto wasikisogelee.